UZI: Tusichaji baiskeli za umeme koridoni usiku. Tuzungumze betri, chaja na mafundi wetu

Pedali Nyepesi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita saa nane usiku nilitoka chumbani kwenda uani. Naishi nyumba ya kupanga hapa Tandika, Dar, ile ya kawaida tunayoijua wote: vyumba sita, korido katikati, mlango wa mbele na mlango wa uani. Jirani yangu alikuwa ameegesha baiskeli yake ya umeme koridoni, anaichaji kwa ekstensheni iliyopita chini ya mlango wake. Chaja ilikuwa juu ya kiti cha baiskeli, imefunikwa na koti la mvua. Nilipoligusa lile koti nilirudisha mkono haraka. Nikachomoa plagi, nikakaa kizingitini mpaka chaja ikapoa, na usingizi haukurudi tena.

Nilikuwa nahesabu watu. Tuko kumi na tisa mle ndani, wanane ni watoto. Madirisha yote yana nondo. Ukitaka kutoka, uende mbele au uani, lazima upite koridoni, na koridoni ndipo betri ilipokuwa.

Asubuhi nilimweleza jirani. Alinisikiliza vizuri, akasema aliyemuuzia alimwambia "chaji usiku kucha, asubuhi utaikuta imejaa", na hakuna mwingine aliyewahi kumwambia tofauti. Mimi kazi yangu ni umeme wa majumbani na baiskeli ya umeme naendesha mwaka wa nne sasa, kwa hiyo nimeona niandike ninachokijua, na wenye ujuzi zaidi waongeze.

Ndani ya lile boksi la betri kuna seli ndogo za mviringo, kubwa kidogo kuliko betri ndogo za rimoti. Iliyozoeleka zaidi inaitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Kila seli ya lithiamu ya aina hii ikijaa inafika volti 4.2 na haitakiwi kuzidi hapo. Betri ya volti 36 ina seli 10 mfululizo, kwa hiyo ikijaa mita ya kupimia umeme inasoma 42. Ya volti 48 ina 13, ikijaa inasoma 54.6. Naomba mzishike hizi namba, maana balaa nyingi ninazoziona zinaanzia hapa: mtu ana betri ya 36 na chaja ya 48, pini inaingia vizuri, taa nyekundu inawaka, anaamini kila kitu kiko sawa.

Seli ikizidishiwa chaji, ikipondeka, au ikipiga shoti kwa ndani, inaanza kujipasha joto yenyewe. Lile joto linachochea kemikali zilizomo zitoe joto jingine, na ikishavuka kiwango fulani hata ukichomoa chaja haitasimama. Seli moja inaiwasha ya pembeni, na ya pembeni inaiwasha inayofuata. Inatoka hewa nzito ya sumu ambayo nayo inashika moto. Ukiwa nje kwenye uwanja utakimbia. Ukiwa umelala chumba cha tatu na betri iko kati yako na mlango, unatokea wapi?

Najua kwa nini tunachaji ndani. Wezi. Baiskeli ukiilaza nje huikuti, na mimi simwambii mtu ailaze nje. Ninachosema ni muda na mahali. Betri ya Ah 10 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) kwa chaja ya ampea 2 inajaa kwa kama saa tano ikiwa imeisha kabisa, na ni nadra mtu kurudi nayo imeisha kabisa. Ukifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, iache ipoe nusu saa, kisha ichaji barazani au uani ukiwa macho, unapika, unaongea na watu. Iwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, mapazia na mtungi wa gesi, na chaja isifunikwe na chochote. Saa nne usiku chomoa, ingiza baiskeli ndani, lala. Hata kama haijajaa. Asilimia 80 au 90 inaipa betri maisha marefu kuliko kuijaza pomoni kila siku na kuiacha imening'inia kwenye chaja.

Karibuni.

---

Dada Mpakiaji

Asante kaka kwa uzi. Mimi nasambaza chakula, natumia baiskeli ya volti 48. Nilipoinunua niliambiwa mambo mawili: chaji ya kwanza saa 12 bila kuchomoa, na kila mara niiache iishe kabisa ndipo niichaji, eti isipoisha "inazoea". Nimekuwa nikiizungusha mtaani mpaka inazima yenyewe ili tu nifuate masharti. Kweli au si kweli?

---

Pedali Nyepesi

Dada, hayo masharti yalikuwa ya kweli kwa betri nyingine. Zamani simu na redio za upepo zilitumia betri za nikeli na kadimiamu, na zile ukizichaji nusu nusu zilikuwa kweli zinapoteza uwezo. Betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991 na hazina tabia hiyo, lakini ushauri wa zile za zamani umebaki midomoni mwa wauzaji mpaka leo.

Kwa lithiamu ni kinyume. Kuiua kabisa kila siku ndiko kunakoichosha. Ikibaki robo, chaji. Na hizo saa 12 za kwanza hazina kazi yoyote: taa ikishageuka kijani, imejaa.

Kuijaza mpaka mwisho kuna faida moja tu. Ndani ya betri kuna bodi ndogo ya ulinzi, mafundi wanaiita BMS, ambayo inasawazisha seli ili zote ziwe na volti sawa, na nyingi hufanya kazi hiyo karibu na kujaa. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mbili tatu iache ifike kijani, ukiwa macho, na uiongezee muda kidogo hapo.

Ukisafiri au ukiumwa na baiskeli ikakaa mwezi, usiiache imejaa wala tupu. Iache nusu, ndani ya chumba kisicho na joto kali. Vyumba vyetu vya bati bila dari mchana ni tanuri. Weka chini sakafuni, si juu ya kabati.

---

Babu Gia

Wanangu, mimi nimetengeneza baiskeli tangu enzi za Swala na Phoenix. Haya ya umeme yamenikuta nimeshazeeka lakini vijana wananiletea. Nina swali. Inakuja betri imelala, miezi mitano haijaguswa, chaja ikichomekwa taa inabaki kijani kama vile imejaa. Kuna kijana jirani na banda langu huifungua, anachukua nyaya mbili anaishtua kutoka betri nyingine, inaamka, mteja analipa anaondoka anafurahi. Mimi moyo unakataa lakini sina la kumjibu. Nimjibu nini?

---

Pedali Nyepesi

Shikamoo Babu. Moyo wako unasema kweli.

Betri ikikaa muda mrefu ikiwa tupu, seli zinashuka chini ya kiwango. BMS ikiona hivyo inafunga mlango, inakataa chaji. Ndiyo maana taa inabaki kijani: chaja haioni pa kupeleka umeme. Bodi inafanya kazi yake. Kijana anapoishtua kwa nyaya anamruka mlinzi dirishani.

Tatizo liko ndani ya seli. Upande hasi wa seli umejengwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Seli ikishuka sana, tuseme chini ya volti 2, na ikakaa hivyo, shaba inaanza kuyeyukia kwenye majimaji yaliyomo. Ukija kuichaji, ile shaba inaganda tena mahali pasipo pake, na inaweza kutengeneza daraja dogo kati ya chanya na hasi. Hiyo ni shoti iliyofichwa. Leo betri inaamka, mteja anaondoka anafurahi, na baada ya wiki tatu iko kwenye chaja chumbani kwake amelala.

Kwa hiyo Babu mjibu hivi: afungue, apime kila kundi la seli kwa mita. Zilizoshuka chini ya 2 zisirudi kazini. Na mteja aambiwe ukweli hata kama hatalipa.

Hapo hapo niseme la pili ambalo linaniumiza kwa fani yetu. Mafundi tunaochukua seli za kompyuta mpakato zilizokufa, tunachagua zinazosoma volti, tunaziunga kwa risasi ya kuchomelea na kuzifunga gundi, tunaziuza kama betri mpya. Seli haziungwi kwa kichomeo cha risasi moja kwa moja, joto lake linaharibu zile tando za ndani. Zinaungwa kwa vipande vya nikeli na mashine ya kuchomelea nukta nukta (spot welder). Na seli za umri tofauti hazikai pamoja. Chukulia ndoo kumi zinazojazwa kwa bomba moja linalogawa maji sawasawa, lakini tatu kati yake zina tope nusu. Hizo tatu zitafurika wakati nyingine hazijafika shingoni. Kwenye betri, kufurika ndiko kuvuka volti 4.2. Kama BMS ipo itazima. Kama fundi ameitoa kwa sababu "inasumbua, inakata kata", hakuna wa kuzima.

---

Babu Gia

Marahaba mwanangu. Kesho namwita, nimwonyeshe hii simu asome mwenyewe.

---

Mswahili wa Hackney

Wakuu, niko London, nimesoma hapa nikiwa kazini. Huku jambo hili limeua watu. Zimamoto wa London mwaka 2023 walihudhuria matukio 143 ya moto wa baiskeli za umeme, na watu 3 walikufa mwaka huo kwa moto wa baiskeli na skuta za umeme. New York mwaka huo huo ilikuwa mbaya zaidi: matukio 268 ya moto wa betri za lithiamu, watu 18 wakafa. Ndiyo maana tangu Septemba 2023 sheria ya jiji la New York hairuhusu kuuza baiskeli ya umeme ambayo haikuthibitishwa kwa kiwango cha usalama kinachoitwa UL 2849.

Kinachojirudia kwenye maonyo ya zimamoto wa huku kinafanana na alichosema mwanzisha uzi: baiskeli za kawaida zilizogeuzwa kuwa za umeme kwa vifaa vya kununua mtandaoni, chaja isiyo yake, na baiskeli kuwekwa kwenye njia ya kutokea. Ghorofa zetu huku nazo zina korido moja na ngazi moja. Hatutofautiani sana na Tandika.

Na niwaombe ndugu: msitutume tuwaletee betri ndani ya begi la ndege. Mwisho wa abiria ni Wh 100 (wati-saa, yaani volti mara Ah), mpaka 160 kwa ruhusa ya shirika. Betri ya volti 36 na Ah 10 ni Wh 360. Haipandi, hata ukibembeleza.

---

Mkazi wa Temeke

Mkuu Pedali Nyepesi, nahitaji msaada. Nimemnunulia mke wangu baiskeli ya mtumba kutoka Japani, anaitumia alfajiri kwenda Feri kununua samaki. Ilikuja na chaja yake, tulipoichomeka ilitoa mlio ikafa siku hiyo hiyo. Fundi akatuletea chaja nyingine, akafungua betri akatoa waya mbili nje maana pini hazikuingiliana. Tumechaji mara mbili. Inapata joto kiasi, lakini inatembea. Chaja imeandikwa 42V 2A. Kuna shida?

---

Pedali Nyepesi

Mkuu, acha kuichaji kuanzia sasa hivi. Ngoja nikueleze kwa nini, kisha unifanyie kazi moja.

Chaja ya kwanza ilikufa kwa sababu Japani umeme wa majumbani ni volti 100 na chaja nyingi za baiskeli zao zimetengenezwa kwa huo tu. Sisi tuna 230. Yeyote anayenunua baiskeli ya Japani asome nyuma ya chaja kabla ya kuichomeka: ikiandikwa 100V peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha. Ikiandikwa 100-240V, haina neno.

Hilo la chaja ni hasara ya pesa. La pili ni zito. Baiskeli za pedali za Japani, ambazo Yamaha ndiye aliyeanza kuziuza mwaka 1993, kwa kawaida hazitumii volti 36. Soma kibandiko cha betri, nadhani utakuta 25.2V. Hiyo ni seli 7 mfululizo, ikijaa inasoma 29.4. Chaja yako inasukuma kuelekea 42. Gawa 42 kwa 7, unapata volti 6 kwa seli, wakati mwisho wake ni 4.2. Na zile pini nyingi ulizoziona hazikuwa mapambo. Kupitia hizo, chaja na betri zinaulizana joto na volti. Fundi alipotoa waya mbili pembeni inawezekana kabisa aliipita bodi ya ulinzi.

Chukua mita, pima kwenye hizo waya mbili, uniambie inasoma ngapi. Zisigusane.

---

Mtu wa Pwani ya Kusini Unguja

Wakati mnasubiri mita: huku baadhi yetu tunakodisha baiskeli za umeme kwa wageni, na wageni wanapenda kuziendesha ufukweni maji yakitoka. Chumvi inakula pini za chaja, zinakuwa za kijani. Napangusa tu naendelea. Ni sawa?

---

Pedali Nyepesi

Hiyo kutu ya kijani ya nje isafishe kwa kitambaa kikavu na spiriti kidogo, betri ikiwa imetolewa, na usichaji pini zikiwa na unyevu. Lakini baiskeli ikianguka majini bahari ikaingia ndani ya boksi, hiyo betri imekwisha hata ikikauka na kuwaka. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na chumvi ikikauka inabaki kwenye bodi na kwenye vichwa vya seli. Inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye. Iweke nje, mbali na makuti. Nasisitiza makuti kwa sababu najua mabanda yenu.

---

Kijana wa Kayole

Niko Nairobi, naendesha pikipiki ya umeme. Sisi betri tunabadilisha kituoni, hatuchaji nyumbani. Hiyo ni salama zaidi ama?

---

Pedali Nyepesi

Kwa nyumba yako, ndiyo, maana haichajiwi mnapolala. Wajibu wako ni kusema ukweli kituoni: betri ikianguka au ikigongwa, usiirudishe kimya kimya ili upewe nyingine. Waambie waitenge.

---

Dada Mpakiaji

Dalili za betri mbovu ni zipi kwa mtu asiye na mita? Na ikianza kutoa moshi nifanyeje? Mimi huambiwa mchanga.

---

Pedali Nyepesi

Nianze na moshi. Kama uko ndani, toa watu, funga mlango wa chumba ilipo betri, piga 114 Zimamoto. Usiibebe mikononi kupita nayo koridoni, watu wanaungua hivyo. Mchanga unafunika miali lakini joto linatoka ndani ya seli, linaendelea chini ya mchanga. Maji mengi yanasaidia kwa sababu yanapoza, ila usimwage maji kabla umeme haujakatwa kwenye swichi kubwa, na usibaki kwenye moshi kwa ajili ya baiskeli. Ikizimika usiirudishe ndani, zinaweza kuwaka tena baada ya masaa.

Dalili: harufu tamu tamu kama ya dawa ya kusafishia rangi ya kucha. Boksi limevimba au limepasuka. Betri ina joto na hujaiendesha wala kuichaji. Umbali umepungua ghafla, jana ulikwenda Mbezi ukarudi, leo inazima Ubungo. Chaja haigeuki kijani hata baada ya muda wake wote kupita. Harufu na joto lisilo na sababu, usisubiri kesho, itoke nje leo.

---

Mkazi wa Temeke

Nimepima. Kibandiko kweli kinasema 25.2V. Mita inasoma 31.8.

---

Pedali Nyepesi

Mkuu, 31.8 kwa 7 ni 4.54 kila seli. Imezidishwa.

Iguse kwa nyuma ya mkono. Kama ni ya baridi, itoe kwenye baiskeli taratibu, zungushia kila ncha ya waya utepe wake wa umeme, ipeleke uani juu ya matofali, mita kadhaa kutoka ukutani, mbali na majiko, ukuni na kamba ya nguo, mahali mvua haifiki. Kama ni ya moto, usiiguse. Itoe baiskeli nzima nje ukiiburuta kwa usukani. Watoto wasisogee.

---

Mkazi wa Temeke

Ni ya baridi. Iko juu ya matofali katikati ya uwanja, nimeiwekea kipande cha bati juu bila kuigusa. Wapangaji wote wameambiwa. Sasa ikikaa siku mbili volti zikishuka zenyewe mpaka 29, si naweza kuitumia tena na chaja ya kweli?

---

Pedali Nyepesi

Hapana mkuu, samahani sana. Ilipozidishwa, lithiamu imeganda kama chuma juu ya upande hasi wa seli, na volti zikishuka sehemu ya chuma hicho inabaki pale pale. Mita itakuonyesha namba nzuri na ndani si nzuri. Usiwape wakusanya chuma chakavu, wataipiga nyundo. Wapo wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye vibali, tutamtafuta mmoja. Na ile chaja ya 42 usimpe mtu bila kumwambia ni ya betri gani.

---

Mkazi wa Temeke

Sawa mkuu. Nimeumia lakini nimeelewa. Mke wangu anauliza, kesho alfajiri anafikaje Feri?

---

Pedali Nyepesi

Mwambie shemeji baiskeli inakwenda bila betri, ni baiskeli kama nyingine, ila nzito. Apandishe kiti kidogo ili mguu unyooke vizuri, na atumie gia ya chini wakati wa kuondoka akiwa na ndoo. Taa ya mbele ya baiskeli nyingi za aina hiyo inategemea betri, kwa hiyo mfungie tochi kwenye usukani, saa kumi bado ni giza. Kesho mchana nina kazi Chang'ombe, nikimaliza napita kwako na mita yangu. Nitumie ujumbe wa mtaa.